Bima ya serikali na Jumatano zangu: mshauri nasaha aingie SHA au akae nje?

Askari mmoja wa usiku, analinda ghala huko Industrial Area, alitoa payslipi yake akaiweka mezani kati yetu na kuinyoosha kwa kiganja. Mshahara elfu ishirini. Karibu na chini kulikuwa na mstari wa SHA, yaani Mamlaka ya Afya ya Jamii: 550. "Daktari," akaniambia (mimi si daktari, nimechoka kusahihisha watu), "hizi nakatwa kila mwezi. Nikija kwako natoa tena elfu moja. Sasa mimi nalipia afya mara ngapi?"

Swali lake lilikuwa la haki na sikuwa na jibu. Nikamwomba wiki moja nikatafute. Zilinichukua kumi na moja.

Haya ninayoandika ndiyo niliyoyafanya katika wiki hizo, pamoja na makosa ya miaka ya nyuma ambayo ningeyaepuka kama mtu angenikalisha chini mapema. Nimemwandikia mshauri nasaha au mwanasaikolojia mwenye chumba chake hapa Nairobi, anayejiuliza kama aingie kwenye bima ya serikali au aendelee kupokea M-Pesa na keshi. Hospitali kubwa zina wahasibu na mawakili. Sisi tuna kaunta buku. Chumba changu kiko Buruburu, orofa ya pili, juu ya duka la dawa, na hesabu zote utakazoona hapa nilizifanya hapo huku makanga wa matatu za namba 58 wakinipigia kelele dirishani.

Mkataba si wako

Wengi wetu huanza kwa kuuliza SHA inalipa ngapi. Uliza kwanza inamlipa nani. Mamlaka ya Afya ya Jamii hufunga mkataba na kituo cha afya: kituo kilichokaguliwa na kupewa leseni na KMPDC, baraza linalosimamia madaktari na hospitali, na kupangiwa daraja lake. Daraja la 2 ni zahanati na kliniki, la 3 ni kituo cha afya, kisha unapanda mpaka la 6, hospitali kuu za rufaa. Leseni yako ya Bodi ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia, bodi iliyoundwa kwa sheria ya 2014, inasema kwamba wewe umehitimu kuketi na wateja. Haisemi kwamba chumba chako ni kituo cha afya. Hata ukiifremu na kuipeleka kwenye ofisi za SHA Upper Hill kwa mkono, utashuka nayo vilevile.

Kwa hivyo mtu akikwambia "mimi nachukua SHA", muulize: kwa leseni ya kituo gani? Jibu lake litakueleza mengi.

Mambo mengine ya sheria yapitie haraka, lakini yapitie. NHIF, bima ya zamani ya serikali tuliyoizoea, ilianza 1966. Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ilitiwa saini Oktoba 2023, na SHA ikaanza kazi tarehe 1 Oktoba 2024. Mwajiriwa anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara wote kabla ya makato mengine, na hakuna anayelipa chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Asiye na mwajiri hupimwa uwezo wake, kisha mchango wake huhesabiwa kwa mwaka mzima. Hili la mwaka mzima lizingatie, kwa sababu msusi wa Gikomba na fundi wa viatu ni wateja wetu pia, na msusi aliyejiandikisha bila kulipa hana bima ya hospitali hata kama jina lake linatokea kwenye mfumo. Kujiandikisha ni jambo moja, kulipiwa ni jingine. Mhudumu wa mapokezi aangalie kila mteja anapokuja, asiangalie siku ya kwanza tu.

Halafu kuna mifuko mitatu. Mfuko wa Afya ya Msingi hulipia huduma za ngazi za chini. Mfuko wa Bima ya Afya ya Jamii, ule unaojazwa na makato yetu, hulipia hospitali. Wa tatu ni wa dharura na magonjwa sugu. Daraja la kituo utakachofanyia kazi ndilo litakaloamua kikao chako kinalipwa kutoka mfuko upi, na kama kina mstari wake chenyewe au kimemezwa ndani ya kifurushi cha kumwona daktari. Viwango vya malipo vimechapishwa kwenye Gazeti Rasmi. Chukua toleo linalotumika sasa, nenda kwenye ukurasa wa afya ya akili, utafute mambo matatu: huduma imeitwa kwa jina gani, nani anaruhusiwa kuitoa, na ni mara ngapi kwa mwaka kwa mtu au kwa familia. Mimi nilikalia ukurasa huo jioni mbili na kikombe cha chai. Usimtegemee mwenzako aliyeambiwa na mwenzake.

Kaunta buku

Hapa ndipo mambo yote yalipo, na hapa ndipo wengi hawafiki. Tunaamua kwa huruma ("hawa watu wataenda wapi?") au kwa hasira ("serikali hii siifanyii kazi bure"). Mimi nimewahi kuamua kwa njia zote mbili, mara zote nikaishia kukopa.

Gawa ukurasa mara mbili. Kushoto andika kinachotoka kila mwezi. Kwangu ilikuwa hivi: kodi ya chumba 28,000, stima na maji 3,000, intaneti 3,000, mama wa usafi 4,000, msimamizi wangu wa kitaaluma ninayemwona kila wiki mbili 6,000, na leseni, mafunzo na karatasi, nikizigawa kwa mwezi, 4,000. Jumla 48,000. Chini yake andika nyumba yako: karo, chakula, nauli, mama yangu aliyeko Kisauni, akiba. Kwangu 90,000. Zijumlishe: 138,000.

Kulia andika vikao. Naweza kuweka miadi 72 kwa mwezi bila kuumwa kichwa. Wanaofika ni 60. Mvua ikinyesha Nairobi, wanapungua hata hapo. Usihesabu miadi, hesabu waliofika. 138,000 ukigawa kwa 60 unapata 2,300. Hiyo ndiyo bei ambayo chini yake kila kikao kinakula nyumba yangu. Bei yangu ya kawaida ni 2,800. Vile vikao vinne vya shilingi elfu moja, cha askari wangu kimojawapo kila wiki, siviingizi humo kabisa. Hiyo ni sadaka, na mwenye nyumba hapokei sadaka.

Sasa weka bima. Tuseme kikao cha bima kitakufikia mkononi kwa 1,500. Hii ni namba ya kufundishia tu, weka yako ukishasoma viwango na kupatana na hospitali. Vikao 12 kati ya 60 vikiwa vya bima, 48 vya kawaida vinaleta 134,400, vya bima 18,000, jumla 152,400. Tunapumua. Vikao 24 vikiwa vya bima, jumla inashuka hadi 136,800, chini ya mstari. Rudi nyuma kimoja, uwe na 23, unapata 138,100. Kwa hivyo kwangu 23 ndio ukuta. Nilipoona hiyo namba nilicheka peke yangu, kwa sababu wiki iliyotangulia nilikuwa nimepanga kutoa siku tatu kwa wiki kwa bima, nikijiona mkarimu.

Bado hujamaliza. Hesabu hiyo inadhani pesa zinakuja mwezi uleule. Fanya upya ukiwa na miezi minne ya kungoja. Kwa vikao 12 vya bima, mkononi nina 134,400 tu, napungukiwa 3,600 kila mwezi, na kwa miezi minne ni 14,400. Hiyo naweza kuistahimili, nitapunguza kuku. Kwa vikao 23, mkononi nina 103,600. Napungukiwa 34,400 kila mwezi, na miezi minne inafika 137,600. Huo ni mwezi mzima wa maisha yangu, umekaa kwenye mfumo wa kompyuta ya mtu mwingine. Kwenye karatasi, 23 na 12 zote zinalipa. Kwenye friji, hapana.

Kungoja si hadithi ya kutunga. NHIF ilipofungwa iliacha madeni ya mabilioni kwa hospitali, na mnamo Machi 2025 Rais alitangaza kwamba vituo vinavyodai milioni 10 au chini yake vitalipwa vyote, vinavyodai zaidi vihakikiwe kwanza. Soma tangazo hilo kwa macho ya mshauri: linazungumza na vituo. Wewe uliyeketi na mteja ndani ya kituo hicho hutajwi hata kwa jina.

Ongeza na muda. Karatasi za bima zinanila robo saa kwa kila kikao. Vikao 12 ni saa tatu kwa mwezi. Nilikuwa nikizifanya nyumbani usiku na kuziita "kumalizia kazi".

Milango mitatu

Wa kwanza ni kufanya chumba chako kiwe kituo. Utahitaji usajili, ukaguzi wa jengo, leseni ya KMPDC, wahudumu wenye leseni zao, na mfumo wa kutuma madai. Kwa mtu mmoja mwenye chumba kimoja, sioni maana yake. Kwa watatu au wanne walioungana na afisa wa kliniki au daktari, ndiyo, na ningependa kuona vijana wakijaribu. Mimi nina miaka hamsini na mbili, sitaki kuwa mkurugenzi wa mtu.

Wa tatu (nitarudi kwa wa pili) ni kukaa nje na kumwelekeza mteja. Usidhani huo ni mlango wa wavivu. Ukikaa nje, uwe na karatasi yenye majina: Mathari kwenye barabara ya Thika kwa walio na hali nzito, Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Mbagathi, Mama Lucy kwa sisi wa Eastlands, na simu ya bure ya Msalaba Mwekundu, 1199, kwa usiku mbaya. Nenda mwenyewe ujue mtu anaingilia dirisha gani na siku gani. Kumwambia mteja "jaribu hospitali ya serikali" ni sawa na kumfungia mlango kwa tabasamu.

Wa pili ndio niliopitia mimi: kuuza siku moja au mbili kwa kituo ambacho tayari kina mkataba. Na huo ndio ulioniumiza mwaka wa 2016, chini ya bima nyingine isiyo ya serikali.

Nilikuwa naenda kila Jumamosi kwenye hospitali moja ya binafsi. Makubaliano yalikuwa ukurasa mmoja, na katikati yake kulikuwa na mstari ambao niliusoma na kuuona wa kawaida: *mshauri atalipwa baada ya bima kulipa kituo*. Nilianza mwezi wa pili. Pesa ya kwanza niliiona mwezi wa tisa, nayo ilikuwa ya vikao vya mwezi wa pili peke yake. Nilipotoka nilikuwa nimefanya vikao 38. Tisa kati yake vilikataliwa kwa sababu sahihi ya mteja haikuwepo, na sahihi hizo zilikuwa kazi ya mapokezi, si yangu. Nikaenda kwenye ofisi za bima kulalamika. Binti wa pale, mpole kabisa, akatafuta jina langu kwenye kompyuta akaniambia, "Mama, hatukujui." Alisema kweli. Hawakunijua, hawakunidai, sikuwadai. Niliyemdai ni yule niliyemsainia ule mstari.

Kwa hivyo safari hii nilienda kwa mkurugenzi wa hospitali ndogo, vituo viwili vya matatu kutoka kwangu, nikiwa na maswali yaliyoandikwa, na nikaomba majibu ya kuandikwa. Alishangaa kidogo. Mwache ashangae.

Nilimuuliza mkataba wao wa sasa na SHA unaisha lini na leseni ya kituo ni ya daraja gani, akanionyesha vyote viwili, nikapiga picha. Nilimuuliza kikao changu kitadaiwa kwa jina gani kwenye viwango. Hapo alimwita mhasibu wake, kijana wa Kariobangi aliyekuwa anajua kila mstari kichwani, na nikajua hospitali hiyo iko sawa. Ikiwa mkurugenzi na mhasibu hawajui huduma yako inaitwaje, watakuita chochote, na dai litarudi.

Kisha lile la pesa. Sikukubali "tukilipwa tutakulipa". Niliomba malipo ya siku, yawe yamefika au hayajafika, kisha sehemu ya kila kikao ikishalipwa. Nilitaja 4,000 kwa siku. Tukapatana 3,500 kwa kila Jumatano nitakayokaa hapo, zilipwe siku ya tano ya kila mwezi. Hazinitajirishi, lakini zinagawa kungoja kati yetu wawili, na mtu anayengoja pamoja nawe hufuatilia madai kwa bidii. Kumbuka pia kwamba kituo kinaweza kukukata asilimia 5 ya kodi ya zuio kwa huduma za kitaaluma na kuipeleka KRA, mamlaka ya kodi, kwa niaba yako. Dai cheti chake, usije ukalipa kodi hiyo mara mbili.

Swali la mwisho ndilo lililomkera: dai likikataliwa, hasara ni ya nani? Tuliandika hivi: kosa likiwa kwenye maelezo yangu, ni yangu. Likiwa kwenye utambulisho wa mteja, alama ya kidole ambayo haikuchukuliwa au mchango ambao haukuangaliwa, ni ya hospitali. Ilituchukua nusu saa kuandika mistari miwili.

Kabla ya kusaini nikaomba kuona chumba. Nikamweka mhasibu ndani, nikamwambia asome gazeti kwa sauti ya kawaida, nikafunga mlango nikasimama nje penye benchi. Nilisikia mpaka matokeo ya Gor Mahia. Tukahamia chumba cha nyuma, kilichokuwa stoo ya magodoro. Bado kina harufu ya magodoro, lakini hakisikiki.

Jina la ugonjwa

Kuna jambo ambalo bei haiwezi kulitatua. Bima hulipia ugonjwa. Wateja wetu wengi si wagonjwa.

Mama mmoja wa Umoja alikuja kwangu miezi mitatu baada ya kumzika mumewe. Hali chakula vizuri, analia kwenye matatu, anaweka sahani mbili mezani kwa mazoea. Kwenye ICD-11, ile orodha ya kimataifa ya misimbo ya magonjwa, hali yake inaandikwa QE62: kufiwa, bila tatizo jingine. Si ugonjwa. Ipo 6B42, huzuni ya msiba iliyorefuka kupita kiasi, lakini hiyo inataka miezi sita angalau na maisha yawe yamekwama. Ipo 6A70, unyogovu, nayo ina dalili zake. Karani wa hospitali akaniangalia juu ya miwani: "Madam, andika depresheni tu, hiyo inapita."

Sikuandika. Yule mama hakuwa mgonjwa, alikuwa amefiwa. Msimbo huo ungebaki kwenye rekodi yake, na siku atakapojaza fomu ya bima ya maisha na kukuta swali kuhusu ugonjwa wa akili, angelazimika kulijibu kwa sababu yangu. Sheria ya Afya ya Akili ilivyorekebishwa 2022 inakataza bima kumbagua mtu kwa sababu hiyo, lakini mimi siwezi kumtuma mjane akapigane kesi ili nipate 1,500. Nilimpa kiti cha Jumamosi cha elfu moja.

Kwa hivyo kabla hujaamua, pitia wateja wako thelathini wa mwisho. Wangapi wana utambuzi wa kweli ambao daktari au mwanasaikolojia wa kliniki angeutia sahihi? Kwangu walikuwa kumi na mmoja. Wengine ni ndoa, misiba, vijana walioshindwa na kozi, mama na binti wasiosemezana. Ukiwa mshauri wa ndoa kwa sehemu kubwa, swali lako limejijibu hapo. Na kama wewe ni mshauri nasaha kama mimi, utambuzi uandikwe na aliye na mamlaka ya kuuandika, usijitwike.

La udanganyifu sitalirefusha. Mkisema vikao vitano, viwe vitano. Mwaka 2025 Wizara ya Afya ilisimamisha vituo kadhaa kwa madai ya uongo, na sahihi iliyoko kwenye dai la ushauri nasaha ni yako, hata kama wewe hukuona shilingi. Ukipewa fomu tupu utie sahihi "ili tusikusumbue baadaye", chukua mkoba wako.

Nani atasoma

Lile kosa la 2016 lililonilaza macho si la pesa. Fomu ilikuwa na nafasi ya "sababu ya kuja". Nikiwa na bidii za ujinga, nikajaza mistari minne: mume, kipigo, mtoto wa pili, kila kitu. Karani hakuweza kusoma mwandiko wangu. Akatoka nayo hadi korido, watu wamejaa kwenye benchi, akauliza kwa sauti, "Madam, hapa ni *mumewe* ama *mamake*?" Mteja wangu alikuwa amekaa pale, mtu wa tatu kutoka ukutani. Hakurudi tena.

Siku hizi naandika maneno manne au matano: msimbo, tarehe, muda, aina ya kikao, kikao cha ngapi. Hadithi inabaki kwenye faili langu, kwenye kabati langu, kwa ufunguo wangu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa data nyeti, kwa hivyo una haki ya kumwambia karani anayetaka zaidi aonyeshe ni wapi imeandikwa kwamba anahitaji zaidi.

Mteja naye aambiwe kabla, si baada. Mimi husema hivi, karibu neno kwa neno: "Ukija Jumatano kwa bima, hospitali itaandika kwamba ulikuja, tarehe, na jina la hali yako. Nitakayoyasikia hayaandikwi huko. Ukija hapa Buruburu kwa pesa yako, hakuna kinachokwenda popote. Zote mbili ni sawa kwangu. Lala nazo, uniambie kesho." Wengine huuliza kama bosi ataona. Naichukua payslipi na kuwaonyesha: kilichopo ni makato, hakuna mahali paliposema walikwenda wapi.

Wachache hukataa kata kata, na si kwa ujinga. Mpaka Januari 2025, Mahakama Kuu ilipokibatilisha kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kujaribu kujiua kulikuwa jinai hapa kwetu. Mtu aliyeishi miaka kumi na siri hiyo hawezi kuniamini kwa hukumu ya juzi. Na bado mtoto mtundu mtaani anatishiwa kupelekwa hospitali ya Mathari. Usibishane. Mpe bei unayoweza, au karatasi yenye majina.

Yule askari alichagua Jumatano. Anatoka zamu saa kumi na mbili asubuhi, anafika hospitali mapema mno, na analala kwenye benchi akiwa amekumbatia kofia yake ya kazi mpaka nimguse bega.

Ukitaka kutoka

Panga kutoka siku unayoingia. Kwenye makubaliano yetu kuna mstari unaosema upande wowote utoe notisi ya miezi miwili, na kwamba vikao vilivyokwisha kufanywa vitalipwa hata nikishaondoka. Nilimwekea mkurugenzi tarehe ya kuketi tena baada ya miezi sita, kabla ya mkataba wao kuhuishwa. Siku hiyo naenda na kaunta buku: vikao vilivyofanywa, vilivyolipwa, vilivyokataliwa na sababu, siku za kungoja kwa kila kimoja. Rangi ya bluu kwa kilicholipwa, nyekundu kwa kilichokwama. Nyekundu zikizidi ukurasa, notisi naandika jioni hiyo.

Wateja waambiwe kwenye kikao, uso kwa uso, wiki nane kabla, si kwa ujumbe wa simu wala tangazo mlangoni. Kila mmoja achague: kumalizia kwa vikao vilivyobaki, kuhamia Buruburu kwa bei tutakayopatana, au nimtafutie mtu mwingine kwenye kituo chenye mkataba na nimpeleke kwa barua. Barua hizo nimeshaziandika rasimu. Ziko kwenye droo ya chini, pamoja na ile payslipi ya askari, aliyonipa nakala yake akasema nikae nayo.